Mlima Haumo Mezani

Watu wa Morogoro tuna msemo tunaojivunia: huu ni mji kasoro bahari. Maana yake ni kwamba tumejaliwa kila kitu ila maji ya chumvi. Tuna mlima, tuna mito, tuna reli, tuna vyuo, na tulikuwa na muziki uliochezwa nchi nzima enzi za Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe. Mimi nimeishi hapa miaka mingi, na nimekula karibu kila mahali panapouzwa chakula, kuanzia Msamvu hadi Bigwa, kutoka Kihonda hadi Mji Mpya. Katika kula huko nimefikia hukumu moja, nami naitoa bila kuizungusha. Kasoro yetu si bahari. Bahari hatukupewa, na asiyepewa halaumiwi. Kasoro yetu ni kwamba tumepewa mlima, nasi tumekataa kuuweka mezani.

Nieleweke vizuri. Sisemi kwamba Morogoro haina hoteli. Zipo, na kila mwaka zinaongezeka. Wala sisemi kwamba chakula chake ni kibaya. Nimekula pilau nzuri mjini humu, na nyama ya kuchoma iliyochomwa na watu wanaoijua kazi yao. Ninachosema ni kwamba mgeni anaweza kukaa hapa siku tatu, akala mara tisa katika hoteli zenye viti vya kuegemea na vitambaa vya meza, akaondoka bila kuonja kitu hata kimoja cha kumjulisha kwamba alikuwa chini ya Milima ya Uluguru. Kwa chakula alichokula, angeweza kuwa Singida. Angeweza kuwa Tunduma. Alipewa chipsi, kuku, wali, soda na maji ya chupa, akalipa, akaenda zake.

Hebu kwanza tuuhesabu utajiri tunaoukataa. Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na kilele chake kirefu, Kimhandu, kinapita mita 2,600. Upande wa mashariki, unaoelekea Bahari ya Hindi, hupata mvua nyingi. Huko ndiko kuliko Kinole, Mkuyuni, Tawa na Matombo. Huko zinatoka ndizi za kila namna, mananasi, machungwa, mafenesi na mashelisheli; na chini ya kivuli cha miti hiyo hiyo zinatoka karafuu, mdalasini, pilipili manga na iliki. Ukizunguka upande wa pili na kupanda hadi Mgeta, unaingia katika baridi ya kuvalia sweta, na hapo utaona ngazi za bustani za kabichi, karoti, viazi mviringo, njegere na maharage. Mboga za Mgeta zinaliwa Dar es Salaam kila siku ya Mungu. Kwa maneno mengine, yuko mkulima mmoja kwa kila kitu ambacho mpishi mwenye akili angekitamani, na wote wako mwendo wa saa chache tu kutoka jikoni kwake.

Sasa ingia hotelini. Siku moja, wakati wa msimu wa mananasi, niliketi katika hoteli moja ya mjini ambayo jina lake halina haja ya kutajwa, kwa kuwa zingine kumi ni kama hiyo. Nilimwuliza kijana aliyekuja kunihudumia kama kuna juisi.

"Ipo, mzee. Kuna ya boksi, na soda zote."

"Ya nanasi je, mwanangu? Ya kukamua."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsaidia mgeni aliyepotea njia. "Nanasi liko sokoni, mzee."

Kijana hakuwa na kosa. Alisema kweli tupu, na ndani ya kweli yake umo ugonjwa wote ninaouzungumzia. Nanasi liko sokoni, hatua mia mbili kutoka kwenye meza ile. Boksi la juisi limesafiri kutoka kiwandani, likalipiwa kodi, likapakiwa katika lori, likawekwa katika jokofu linalokula umeme, na ndilo lililopewa heshima ya kuingia kwenye bilauri. Nanasi la Kinole lililoshuka mlimani katika tenga juu ya kichwa cha mwanamke halikupewa heshima hiyo. Kwa nini? Kwa sababu katika fikra zetu kitu cha kijijini hakina hadhi ya kutolewa mbele ya mgeni. Tumefundishwa, na tumefundishana, kwamba ustaarabu huja umefungwa katika pakiti.

Kahawa ndiyo inayoniuma zaidi. Tanzania ni nchi ya kahawa, na katika Uluguru mibuni ipo tangu enzi za ukoloni. Lakini ukiagiza kahawa hotelini, unaletewa kikombe cha maji ya moto, kijiko na kopo, ujikorogee mwenyewe. Siidharau kahawa ya kopo. Inatengenezwa kwetu Bukoba na mikono ya Watanzania, na ina mahali pake. Ila mahali pake si kila mahali. Jirani zetu wa Ethiopia hunywa wenyewe karibu nusu ya kahawa wanayoilima. Mgeni akifika nyumbani kwa mtu, buni hukaangwa mbele yake, hutwangwa, huchemshwa, naye hunywa vikombe vitatu. Sisi tunaiuza nje karibu yote, kisha tunaona fahari kunywa unga wake. Halafu tunashangaa kwamba mkulima wa kahawa hana mnunuzi mwingine ila yule wa mbali anayepanga bei bila kumwuliza.

Na ajabu ni kwamba kahawa halisi mjini Morogoro ipo. Imebebwa na mzee mwenye birika lililokalia makaa, vikombe vidogo vikilia mkononi mwake, na kashata katika kikapu. Nendeni kijiweni jioni. Mtakuta kahawa chungu ya kuchemshwa, wakati mwingine ina tangawizi, na mazungumzo ya siasa na mpira yasiyopatikana katika hoteli yoyote yenye televisheni kubwa. Kahawa hiyo haina kiti, haina paa, wala haina ubao wa matangazo. Anayeinywa huketi juu ya benchi la mbao au jiwe.

Ndivyo ilivyo kwa chakula chote cha mlima. Kipo, ila kimekaa chini. Kando ya masoko yetu wapo kina mama ambao mwezi mmoja tunawaita mama lishe na mwezi unaofuata tunawaita wavamizi wa barabara. Mmoja wao, ambaye nimekula kwake kwa muda mrefu, hupika ndizi kwa nazi, maharage ya Mgeta, na mchicha uliochumwa asubuhi hiyo. Hana orodha ya vyakula, lakini kila siku ananieleza zaidi ya orodha yoyote.

"Shikamoo baba. Karibu. Ndizi za leo zimetoka Kinole, zile za jana zilikuwa za Matombo."

"Marahaba, mama. Zipi tamu zaidi?"

"Baba, na wewe! Kula kwanza, halafu utaniambia mwenyewe."

Katika hoteli zetu zenye vitambaa sijawahi kukutana na mhudumu anayejua ndizi iliyo mbele yangu imetoka kijiji gani. Mama huyu anajua, kwa kuwa ameinunua kwa mtu anayemjua. Huo ndio ujuzi ambao miji mingine duniani inauuza kwa bei kubwa, na hapa kwetu umewekwa juu ya mafiga matatu kando ya mtaro.

Tena si kuwekwa tu. Umefukuzwa mara nyingi. Wenye umri kama wangu wanaikumbuka sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, ambapo mtu asiye na kazi iliyotambuliwa mjini alikamatwa na kurudishwa kijijini, na mama anayeuza vitumbua alihesabiwa kuwa hana kazi. Mwaka 2015, kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti na kuenea mikoani, sufuria za barabarani zilikuwa za kwanza kupigwa marufuku. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na wengi walivinunua wakidhani wamenunua amani. Mwishoni mwa mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo nchi nzima wakahamishwa kutoka kandokando ya barabara, na wengi wao wakalalamika kwamba wamepelekwa mahali ambapo mteja hapiti. Serikali zimebadilika, majina yao yamebadilika, lakini sufuria inayopinduliwa ni ile ile.

Najua nitakavyojibiwa. Jibu la kwanza ni usafi. Litasemwa na watu wema, na lina uzito, kwa maana kipindupindu hakina mzaha. Lakini kipindupindu huletwa na maji machafu na vyoo vibovu, hakiletwi na ukosefu wa vigae ukutani. Mama lishe anaosha sahani katika ndoo moja kwa sababu hakuna aliyempa bomba. Kumnyima mtu bomba, kisha kumfukuza kwa kuwa hana maji, ni hukumu ya ajabu. Singapore walikuwa na tatizo hili hili, kubwa kuliko letu. Kuanzia mwaka 1968 waliwaandikisha wauza chakula wa mitaani, na kufikia mwaka 1986 walikuwa wamewahamishia katika majengo ya wazi yenye maji ya bomba, mifereji na umeme, katikati ya makazi ya watu. Hawakuwafuta, waliwawekea paa. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza utamaduni huo wa chakula katika orodha ya urithi wa binadamu. Wauza chakula wale walianzia pale pale alipo mama yetu leo. Wao walipewa bomba, sisi tunapeleka mgambo.

Jibu la pili litatoka kwa wenye hoteli: wateja wenyewe wanataka chipsi. Hilo nalikubali nusu. Chipsi mayai ni chakula chetu, Watanzania tumekibuni, nami hukila kwa furaha. Lakini mteja huchagua katika kile alichowekewa. Mtu ambaye hajawahi kuwekewa shelisheli la kuchoma kando ya samaki atalitakaje? Nani amejaribu kumpa chai yenye mdalasini wa Uluguru, akamwambia kwamba huu umebanduliwa kwenye mti ulioko mlima ule unaouona dirishani, halafu mteja akaukataa? Wenye hoteli wanawasingizia wateja uvivu wa jikoni.

Jibu la tatu ni kwamba vitu vya mlimani havina uhakika: leo vipo, kesho mvua imekata barabara. Ni kweli, barabara za mlimani ni mbaya. Lakini mbona lori la Dar es Salaam linaipita barabara hiyo hiyo? Mchuuzi anafika Nyandira, anafika Kinole, anapakia, anapita katikati ya mji wetu na kwenda Kariakoo. Ndizi inayofika Dar es Salaam haishindwi kufika mtaa wa pili. Kinachokosekana ni mtu wa mjini wa kumwambia mkulima: kila Jumatano niletee mikungu mitano, nitakulipa papo hapo.

Hapo ndipo neno langu linapoacha kuwa la tumbo. Msomaji anaweza kudhani kwamba nalalamikia juisi, na kwamba mzee amekosa kazi. Sivyo. Mlima ule ndio kisima. Mto Ruvu unaanzia kwenye mabonde yake, na sehemu kubwa ya maji yanayonywewa Dar es Salaam yanatoka Ruvu. Mwaka 2022 mto huo ulipopungua, Dar es Salaam iliingia katika mgawo wa maji, na watu wakapanga ndoo usiku. Sisi wenyewe hapa tunakunywa maji yanayoteremka kutoka misitu ile ile. Msitu huo umehifadhiwa kisheria, na tangu mwaka 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia. Lakini pembezoni mwa hifadhi wanaishi watu, na watu hao wanalima katika miteremko mikali ambayo, ikiachwa wazi, huporomoka.

Mkulima wa mteremko ana njia mbili. Anaweza kufyeka, kuchoma moto, na kupanda mahindi, ambayo yatampa chakula miaka michache huku udongo ukishuka mtoni. Au anaweza kukaa chini ya miti: mkarafuu, mdalasini, mfenesi, mgomba, mbuni. Njia ya pili inashika udongo na kutunza chemchemi, lakini inataka subira, na subira inataka bei. Kama mdalasini wake hauna mnunuzi ila mchuuzi mmoja anayemwambia chukua hii au uozee nao, hata mimi ningeshika panga.

Wakoloni walijaribu kuuokoa mlima kwa amri. Katika miaka ya 1950 waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi mashambani mwao, kwa nguvu kazi isiyolipwa, na mwaka 1955 watu wa Matombo wakakataa. Zikatokea ghasia, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Somo lake halijazeeka. Mlima hauokolewi na askari. Mlima unaokolewa pale mti uliosimama unapomlipa mwenye shamba kuliko mti ulioanguka, na malipo hayo huanzia kwenye sahani ya mtu wa mjini.

Tena tukumbuke ni nani aliye mwisho wa mnyororo huu. Kwa desturi ya Waluguru ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo hupita humo. Mlimani mwanamke ni mlango wa shamba. Njiani ndiye mbeba tenga. Mjini ndiye mwenye mwiko. Ukimpindulia sufuria mama lishe, umeupiga mnyororo mzima, kuanzia barabarani hadi kwenye chemchemi.

Mambo haya tuliyasema kwa maneno matamu zamani. Mwaka 1972 tuliambiwa Siasa ni Kilimo. Mwaka 1984 chuo kikuu cha kilimo cha nchi nzima kilianzishwa hapa hapa Morogoro kikapewa jina la Sokoine, na vijana wanasoma humo udongo, mbegu na chakula, kisha jioni wanakula chipsi. Februari 2021 soko letu kuu jipya lilifunguliwa likapewa jina la Chifu Kingalu, jina la utawala wa jadi wa Waluguru. Ni jengo zuri, na jina limestahili. Lakini jina la mlima ukutani halitoshi kama chakula cha mlima hakina pa kuketi.

Na wakati hautusubiri. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inaleta abiria kutoka Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili hivi. Mtu anaweza kuja asubuhi, akala mchana, akarudi kulala kwake. Atakuja mara ya kwanza kwa ajili ya treni. Mara ya pili atakuja kwa ajili yetu, kama tutakuwa na cha kumpa ambacho hana kwake. Chipsi anazo. Soda anayo. Juisi ya boksi ameiacha kwenye jokofu lake.

Basi nasema haya kwa watu watatu. Kwa mwenye hoteli: weka kinywaji kimoja cha mlimani, tunda la msimu, na chakula kimoja cha Uluguru, na uandike kijiji kilikotoka. Hutafilisika kwa hayo. Kwa Manispaa: kabla ya kutuma mgambo tena, peleka bomba, mtaro, choo na paa pale ambapo watu wanapita, Msamvu, stesheni na kwenye masoko, na umkabidhi mama lishe nafasi yake kwa maandishi ili asiombe ruhusa ya kupika kila anapobadilika kiongozi. Na kwako wewe unayekula: uliza. Uliza nanasi. Uliza kahawa ya kuchemshwa. Ukiambiwa liko sokoni, inuka uende sokoni, na fedha yako uende nayo. Mwenye hoteli haogopi makala wala hotuba. Anaogopa kiti kitupu. Tukivihamisha viti vyetu kwa mwezi mmoja tu, mlima utakuja mezani wenyewe.